Kiuno cha msimu wa korosho: kisa cha mama mjamzito wa Newala

Aliingia chumba chetu cha fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, katikati ya Novemba akitembea hatua fupi fupi, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani kwa bibi yake. Umri miaka 29, mimba ya tatu, wiki 24. Mkunga wa kliniki alikuwa ameandika maneno manne tu kwenye karatasi ya rufaa: "Maumivu ya kiuno, mazoezi." Nilipomsomea alinitazama kwa uchovu, akasema, "Daktari, mimi kutwa nzima nipo kazini. Mazoezi gani tena?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, kwa ridhaa yake, bila jina lake wala la kijiji chake. Huku kwetu kusini mwa Tanzania mjamzito anayelalamika kiuno hupewa moja ya majibu mawili. Ama aambiwe apumzike, ama aambiwe asihangaike kwa kuwa shamba na jiko ni mazoezi tosha. Mama huyu alikwishapewa yote mawili, na watu waliomtakia mema kabisa, na kiuno kikazidi kukata. Kupumzika hakuwezi, nani aokote korosho? Na kazi anayo tele, mbona haimjengi?

Siku yake

Huwa namwomba mgonjwa anisimulie siku ya jana, tangu alipofungua macho. Yake ilianza kabla ya alfajiri, kwenye bomba la kijiji, na ndoo ya lita 20 kichwani. Lita 20 za maji ni kilo 20, ndoo yenyewe hujaihesabu. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ardhi ya kichanga inayokunywa mvua yote isiache kijito. Maji ya bomba husukumwa kutoka mabondeni kupandishwa juu, na si kila siku yanafika. Nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji yanayotiririka kutoka kwenye bati, lakini mvua za kusini ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, na kufika Novemba visima vingi vimebaki na tope. Kwa hiyo ndoo mbili asubuhi, na moja jioni.

Kutoka bombani alikwenda shambani. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe, huokotwa chini moja moja, na kila moja hutenganishwa na bibo lake. Yeye huokota akiwa ameinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, mamia ya mara kabla jua halijawa kali. Mchana alianika na kuchambua zilizo mbovu. Jioni alikaa juu ya kigoda kifupi, tumbo limebanwa na mapaja, akibangua korosho za kuuza rejareja kwa saa mbili au tatu bila kunyanyuka. Halafu akapika.

Itazame siku hiyo kwa jicho la misuli. Misuli ya mgongo wa chini iko kazini tangu alfajiri hadi usiku, haiachii hata mara moja. Misuli ya makalio, ya ndani ya tumbo na ile ya sakafu ya nyonga, ambayo ndiyo ilipaswa kugawana mzigo, inabaki imelala. Juu ya hayo kuna mimba yenyewe: uzito umesogea mbele, misuli ya tumbo imevutika, kano zinazofunga viungo vya nyonga zimelegea kujiandaa kwa uzazi. Kazi ile inachosha sehemu ileile kwa mwendo uleule mpaka nguvu zake ziishe. Zoezi linakwenda kinyume chake. Linautafuta msuli uliolala, linaupa kazi ndogo inayopimika, kisha linauacha upumzike ujijenge. Ndivyo nilivyomjibu mama huyu, na bibi yake akaguna kukubali kabla yeye hajakubali.

Kabla ya zoezi lolote

Kiuno cha mjamzito hakiguswi kwa mazoezi kabla ya kuondoa mambo mengine yanayouma mahali hapohapo. Mkunga alikuwa amefanya sehemu yake vizuri: presha ilikuwa ya kawaida, mkojo safi, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, mapigo ya moyo wa mtoto yalisikika sawasawa. Mikoa yetu ya kusini ina malaria ya kutosha kumuumiza mjamzito mwili mzima, na maambukizi ya mkojo yakipanda hadi kwenye figo huuma mgongoni kabisa.

Mimi niliongeza maswali yangu. Je, maumivu yanakuja na kuondoka kwa vipindi, tumbo likikaza? Hiyo inaweza kuwa dalili ya uchungu wa mapema. Kuna damu au maji yanayotoka ukeni? Homa, kuchomwa wakati wa kukojoa? Ganzi katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu, mkojo au choo kutoka bila kujua? Mtoto anacheza kama kawaida? Jibu baya kwa swali lolote kati ya hayo linamrudisha mama kwa mkunga au daktari siku hiyohiyo, wala hapewi karatasi ya mazoezi. Yeye alijibu vizuri yote.

Lakini alipofungua pochi kutafuta kadi ya kliniki, ilidondoka karatasi ya vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Alikuwa akivinunua duka la dawa kijijini tangu wiki mbili nyuma, kimoja kila jioni. Hakumwambia mkunga kwa sababu hakuulizwa. Dawa za kundi hili, ibuprofeni ikiwemo, hazifai kununuliwa kiholela katika ujauzito. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Zikitumika karibu na wiki ya 30 na kuendelea, kuna hatari nyingine: mshipa mmoja wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto, unaotakiwa kubaki wazi hadi azaliwe, huweza kufunga mapema. Tulimrudisha kwa mkunga papo hapo, vidonge vikasimamishwa, akapewa parasetamoli kwa kipimo, na daktari akaagiza kipimo cha picha kuangalia maji. Maji yalikuwa ya kutosha. Nasema hivi kwa uchungu: tunapomwambia mama "vumilia, ni mimba tu", hatumwachii uvumilivu, tunampeleka dukani.

Kidole kimoja

Sikumwuliza tu panapouma, nilimwomba aweke kidole kimoja. Akakiweka upande wa kulia, chini ya mstari wa mkanda, kwenye kimojawapo cha vile vibonyeo viwili vilivyo juu ya makalio. Kisha akapitisha kiganja juu kidogo, kukatiza kiuno chote, akasema, "Na hapa, jioni."

Hizo ni sehemu mbili, na zinadai matunzo tofauti kidogo. Pale juu ni mgongo wa chini wenyewe. Pale chini ni kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga. Mwenye maumivu ya nyonga hulalamika anapogeuka kitandani, anapovaa nguo akiwa amesimama kwa mguu mmoja, anapopanda ngazi. Yeye alikuwa na yote matatu. Nilimlaza chali kwa muda mfupi, mto chini ya bega na ubavu wa kulia ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa wa damu, nikamwomba ainue mguu wa kulia ulionyooka. Aliuinua kwa shida, akasema ni mzito kama umefungiwa jiwe. Nilipobana nyonga zake pande zote mbili kwa viganja vyangu na kumwomba arudie, mguu ukapanda mwepesi. Bibi yake alisogea kuona vizuri.

Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo la kufurahisha, maana linaonyesha kuwa nyonga ikishikiliwa, mwili unajua cha kufanya. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yake yalikuwa 4 asubuhi na 7 jioni.

Tulichoanza nacho

La kwanza ni zoezi la ukutani. Mgongo unaegemea ukuta, visigino viko mbele hatua moja ndogo, magoti yamelegea. Unavuta kitovu ndani taratibu na kulalisha kiuno mpaka uwazi kati yake na ukuta upotee, unahesabu hadi tano huku ukipumua, unaachia. Nilimweleza mara tatu. Kila mara alibana pumzi, akainua mabega, kiuno hakikusogea. Bibi yake, ambaye kumbe katika ujana wake alikuwa kungwi, akavunja ukimya: "Mjukuu wangu, si kiuno hicho? Ulifundwa nini unyagoni? Punguza mwendo tu."

Na akafanya. Bila kosa. Kiuno kilekile kinachofundishwa kwa ngoma ndicho nilichokuwa nikijaribu kukieleza kwa lugha ya chuoni. Tangu siku hiyo sianzi tena na maelezo ya mifupa kwa mama wa huku. Namwuliza kwanza kama anaweza kuzungusha kiuno polepole, na karibu wote wanaweza.

La pili, viganja na magoti juu ya mkeka, kama anayetaka kwenda sijda. Mgongo unainuliwa taratibu kama wa paka anayejinyoosha, kisha unarudi kuwa sawa kama meza, bila kuuacha ubonyee chini. Wengi hupata nafuu hapohapo, kwa sababu kwa dakika chache tumbo linaning'inia na mgongo unatua mzigo. La tatu, kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti cha kawaida bila kujisukuma kwa mikono, khanga iliyokunjwa imebanwa katikati ya magoti. Pamoja na hayo, kubana misuli ya sakafu ya nyonga kana kwamba unazuia mkojo, kwa hesabu ya tano, bila kubana pumzi wala makalio. Kila zoezi mara 8 hadi 10, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kulala. Yote hayazidi robo saa.

Na kutembea. Dakika 10 alasiri, mahali tambarare, mikono mitupu. Alishangaa nilipotaja mikono mitupu, hakumbuki lini alitembea hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile inayokuacha ukiweza kuzungumza. Kwake kuchoka hakukuwa haba. Alichokosa ni mwendo usio na mzigo.

Khanga tuliitumia kwa njia nyingine pia. Kwetu mama akishajifungua hufungwa mkaja tumboni, na yeye alikuwa amejaribu kujifunga hivyohivyo juu ya tumbo, kukazidi kumbana. Tulikunja khanga kwa upana wa kiganja, tukaifunga chini ya tumbo, kuzunguka mifupa ya nyonga, palepale nilipokuwa nimeshika kwa mikono. Aivae akienda shambani, aivue akipumzika. Usiku alale ubavu, kitenge kilichoviringishwa katikati ya magoti, na akigeuka ageuke magoti yakiwa pamoja.

Kosa langu

Kulikuwa na zoezi la nne, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilitaka makalio yapate nguvu haraka, nikamwambia apande na kushuka juu ya tofali, mguu mmoja mmoja. Siku ya kumi alinipigia simu: kiuno kimerudi, tena zaidi, hata kugeuka kitandani analia. Jioni hiyo alitaja 8.

Nilipaswa kujua. Mtu ambaye nyonga yake inauma akisimama kwa mguu mmoja, unampaje zoezi la mguu mmoja? Nilikuwa nimeiona dalili kwa macho yangu, kisha nikatoa zoezi la kitabuni. Tuliliondoa tofali. Mahali pake akawa anabana khanga katikati ya magoti akiwa amekaa, kwa hesabu ya tano, na baadaye akiwa amelala ubavu anafungua goti la juu kidogo tu, visigino vikiwa pamoja. Nikampa pia kanuni ambayo ningempa tangu mwanzo: zoezi linaweza kuuma kidogo, lakini kufika kesho yake asubuhi maumivu yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, zoezi lilikuwa kubwa mno, lipunguzwe.

Wiki ya 26 alikuja na mume wake. Nilimwonyesha shemeji ule mguu, nikambana mkewe nyonga, nikaachia, ili aone uzito ukija na kuondoka. Hakusema mengi. Aliuliza ndoo ngapi kwa siku zinaruhusiwa, nikamjibu kwa sasa hata moja ya lita 20 ni nyingi. Baiskeli ipo, akasema, madumu yapo. Kuanzia hapo maji yakaletwa na baiskeli. Kigoda cha kubangulia kikapandishwa kwa matofali mawili, na sinia ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa ili asiinamie. Kila akijaza sahani moja ya korosho, anasimama, anazungusha kiuno, anakaa tena. Shambani akaanza kupiga magoti yote mawili juu ya kiroba, anaokota zote zinazofikiwa na mkono, ndipo anahama.

Nini kilimsaidia?

Wiki ya 28 namba ya maumivu ya jioni ilikuwa 5. Wiki ya 32 ilikuwa 3, anatembea dakika 30. Wiki ya 36 ilipanda hadi 4, tumbo likiwa zito, na hapo ikabaki. Haikuwahi kufika sifuri.

Ningependa kusema ni mazoezi, lakini kisa kimoja hakiniruhusu. Kwa wakati mmoja tuliondoa tofali, tukaondoa ndoo na kupandisha kigoda. Karibu wiki ya 29 mvua zikafungua, kisima kikaanza kujaa, na korosho zikawa zinaelekea mwisho. Hata bila mimi mzigo wake ungepungua. Kinachonipa moyo ni kwamba kushuka hadi 5 kulitokea kabla ya mvua, shamba likiwa bado linadai. Na wiki ya 31 kulikuwa na msiba kwao. Alikaa siku sita bila zoezi hata moja, maumivu yakapanda hadi 6. Aliporudi kwenye mazoezi yakashuka ndani ya siku tano. Lakini msibani pia alikaa chini kwenye mkeka kutwa, na hilo peke yake linatosha kuumiza nyonga. Siwezi kutenganisha.

Tafiti nazo zinahimiza tahadhari hiyohiyo. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 34 yenye wanawake 5,121: kwa maumivu ya mgongo wa chini, mazoezi yalipunguza maumivu na ugumu wa kufanya shughuli, ingawa ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo. Kwa maumivu ya nyonga peke yake faida haikuonekana wazi hivyo. Inaafikiana na nilichokiona kwake. Sehemu ya juu, ile ya jioni, ilipona karibu yote. Kibonyeo cha kulia ndicho kilichobaki kikiuma, na hicho kilisikia zaidi khanga na baiskeli ya mumewe kuliko zoezi lolote.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaomkabidhi mjamzito wa kijijini karatasi ya michoro na kumuaga. Robo saa ya mazoezi haiwezi kushindana na ndoo tatu. Wala sikubaliani na wanaosema kwamba mwenye ndoo tatu hahitaji robo saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, linapendekeza mazoezi ya mara kwa mara kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu haya, maana yake mazungumzo haya yalipaswa kuanza kwenye mahudhurio ya kwanza ya kliniki, kabla ya wiki ya 24 na kabla ya msimu.

Alijifungua wiki ya 39, mwanzoni mwa Machi, kwa njia ya kawaida. Wiki sita baadaye alirudi na mtoto mgongoni, na bibi yake nyuma. Maumivu 1, siku nyingine hayapo. Mguu wa kulia aliuinua bila mtu kumshika nyonga. Aliuliza lini atabeba tena ndoo, kwa sababu baiskeli imepata pancha na mume yuko Masasi. Nikamwambia aanze na ya lita 10, ajaze nusu, na asubuhi inayofuata anipigie simu aniambie kiuno kimeamkaje.